Msuli wa Zacharias

Zacharias Wollmann alikuwa anakula peke yake. Meza yake ndogo iliwekwa kando ya mlango wa jikoni, uso wake ukielekea ukutani, na watu wengine wote wa Weidental, koloni la Wakristo wa Kanada wanaoishi na kulima kwa pamoja, walikula kwenye meza ndefu, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili. Supu ya tambi na kuku ilikuwa bado inatoa mvuke. Hakuna aliyemtazama. Kumtazama mtu aliyetengwa ni nusu ya kuzungumza naye, na kuzungumza naye bila shida ya lazima kulikatazwa tangu kabla ya Krismasi.

Baba yake, Elias, msimamizi wa nguruwe, alikuwa meza ya pili. Wiki za mwanzo aliweka mkate wake chini kila alipousikia mlio wa kijiko kutoka ile kona. Kisha akaacha kuuweka. Sasa ilikuwa Machi, theluji imeanza kuchafuka njiani, na Elias alikula akashiba bila kujua amekula nini. Watu walimwona wakasema mzee amevumilia, ameikubali adhabu ya mwanawe kama Mkristo. Yeye mwenyewe hakuwa na habari ya kuvumilia. Kifuani mwake palikuwa kimya tu, basi.

Walipoinuka mezani, Jakob Maendel, mtunza hazina wa koloni, alimgusa bega.

"Elias, yule daktari wako kapiga simu."

"Daktari gani?"

"Yule wa misuli, mama wa Winnipeg. Anasema anakuja kesho, yeye mwenyewe, na gari lake." Jakob alikuwa anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. "Sasa nisikilize. Kama anauza kitu, hatununui. Na kama anataka kukata watu nyama tena, aanze na mhubiri, Mzee Paul."

"Hakusema shida yake?"

"Kasema samahani. Mara tatu. Mtu akikuomba samahani kwenye simu kabla hujajua kosa lake, ujue kuna gharama inakuja."

Elias alivaa kofia yake akarudi zizini.

Watu wa makoloni yetu wana ugonjwa wao wa misuli, wa kuzaliwa nao, na si siri. Mzee Michael anao. Anashona viatu ameketi juu ya mto, na hakuna aliyewahi kumwita mvivu, kwa sababu damu yake ilisomwa ikaonekana kasoro ile ile imetoka kwa baba na kwa mama. Damu ya Zacharias iliposomwa ilileta kizungumkuti. Upande mmoja kasoro ilikuwapo. Upande wa pili palikuwa na badiliko ambalo hakuna daktari aliyewahi kuliona, wala aliyejua kama linadhuru. Ndipo wakamkata kipande cha nyama ya paja, kidogo kama punje ya haragwe, ili msuli wenyewe ujibu.

Jibu lilikuja vuli iliyopita. Kabla ya jibu hilo, Zacharias alikuwa ameshakataa kupanda ngazi ya ghala la chakula cha nguruwe, na siku nyingine alikataa kubeba watoto wa nguruwe kuwavusha uzio. "Baba, miguu haininyanyui," alisema mbele ya wenzake. Elias akamjibu, "Hata yangu haitaki, lakini naileta kazini," na watu wakacheka. Zacharias hakucheka. Alisema kwa sauti kubwa kwamba siku Elias atakapotoa mzoga wa nguruwe jike peke yake ndipo azungumze habari za miguu, akatupa glavu chini, akaenda zake. Baada ya wiki moja daktari akapiga simu kusema ile protini ya msuli waliyokuwa wanaitafuta ipo, yaani hakuna ugonjwa. Elias alisimama mbele ya ndugu waliobatizwa, akasema neno moja, "Ipo." Kura ikapigwa, Zacharias akatengwa.

*

Daktari Inga Thorlakson alifika asubuhi, viatu vyake vimejaa tope. Mikononi alibeba sanduku, na alilibeba kama mtu anavyobeba keki ya arusi. Justina, mama yake Zacharias, alikuwa ameshatandika meza: kahawa, mikate midogo, soseji, jamu ya stroberi. Mgeni ni mgeni.

"Kaeni, tafadhali," daktari alisema, katika nyumba isiyo yake. Kisha akajiona, akaketi yeye kwanza. "Zacharias yupo?"

"Yuko chumbani," Justina alisema. "Haruhusiwi kukaa na sisi mezani."

"Haruhusiwi na nani?"

Justina alimtazama mumewe. Elias alimimina kahawa.

"Ametengwa," alisema. "Kwa uvivu na kwa utovu wa adabu. Wewe ulisema ipo."

Ilionekana kwamba daktari hakuwa anajua. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakirudisha mezani bila kunywa.

"Nilisema ipo," alikubali. "Bwana Elias, sikuwa na haki ya kusema hivyo. Ndicho kilichonileta."

"Sijakuelewa."

"Zizini kwenu, jike aliyezeeka, asiyefaa tena, mnamtofautisha vipi?"

"Tunampiga rangi mgongoni. Akija dereva wa machinjio anachukua wenye rangi."

"Nani anapiga rangi?"

"Mimi. Zamani alikuwa anapiga Zacharias."

"Basi ndani ya msuli kuna mpiga rangi kama wewe. Ni protini moja. Kazi yake ni kubandika alama kwenye protini zilizochakaa ili zikavunjwevunjwe. Jina lake ni refu, ligasi ya ubikwitini, lakini msijali jina. Asipokuwapo mpiga rangi, vibovu vinarundikana na msuli unadhoofika. Mimi nilikuwa na swali moja tu: kwenye msuli wa Zacharias, mpiga rangi yupo au hayupo?"

"Ukasema yupo."

"Haonekani kwa macho. Tunatumia kingamwili. Sungura anadungwa kipande cha ile protini, na damu yake inatengeneza kitu cha kuinasa. Hicho ndicho tunachonunua, kwenye kichupa kidogo kama ncha ya kidole. Tunadondosha juu ya msuli uliokatwa mwembamba kuliko karatasi, halafu tunaweka dawa. Palipo na protini, kingamwili inanasa, panageuka kahawia. Pasipo na kitu, panabaki peupe. Wa Zacharias uligeuka kahawia."

"Basi yupo," Elias alisema.

Daktari alifungua sanduku. Ndani mlikuwa na hadubini ndogo. Aliiweka katikati ya mikate na jamu, akatelezesha kipande cha kioo chini yake, akawasha taa yake.

"Tazama."

Elias alivua miwani, akainama, akafumba jicho moja. Maisha yake yote ameona nyama, ila hakuwahi kuiona hivi. Viduara viduara vilivyobanana, vyote rangi ya gamba la mkate uliokaa sana tanuruni.

"Ni kahawia," alisema.

"Hiyo ni nyama ya panya. Kuna panya waliozalishwa wasiwe na ile protini hata chembe. Miguu yao nimeipata mwezi uliopita, nikawawekea kingamwili ile ile. Walitakiwa wawe weupe."

Elias aliinama tena. Alitazama kwa muda mrefu kuliko haja.

"Kwa hiyo huyo sungura wako ananasa tu chochote anachokuta."

"Ananasa kitu kingine, sijui ni nini. Panya anacho, Zacharias anacho, pengine mimi na wewe tunacho."

"Na hukujaribu kabla?" Justina aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mumewe, mikono ndani ya aproni.

"Nilijaribu, mama. Nilijaribu vibaya. Nilichukua kipande kimoja nikafanya kila kitu isipokuwa kuweka kingamwili. Kikabaki cheupe. Nikafurahi, nikasema, haya, rangi inaletwa na kingamwili. Na kweli ilikuwa inaletwa na kingamwili. Sikujiuliza kingamwili yenyewe imeshika nini. Nilifanya kazi hivyo miaka minne, na wenzangu wakaniamini. Tena kichupa kimeandikwa kabisa kwamba ni cha utafiti tu, kisitumike kumpimia mgonjwa. Nililijua hilo. Lakini mlikuwa mnasubiri, simu inakuja kila wiki, nikawahurumia."

Aliyekuwa akipiga simu kila wiki ni Elias, kwenye simu ya ofisi ya Jakob, Jakob akiwa ameketi palepale akisikiliza na kutazama saa ya ukutani.

"Kwa hiyo anaumwa," Justina alisema.

"Sijui."

"Lakini si mvivu."

"Mama Justina, mimi uvivu siujui. Na kama anaumwa, sijui. Nimekuja kuwaambia kwamba sijui, na kwamba hata ile siku nilikuwa sijui."

"Umetoka Winnipeg kuja kutuambia hujui."

"Ndiyo, mama."

Justina aliangua kicheko kifupi kisicho na furaha, akaanza kukusanya vikombe ambavyo havijamalizwa.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Zacharias alisimama pale ameshika kizingiti, kijana mrefu wa miaka ishirini na sita, mabega mapana, mashavu mekundu. Hapo ndipo palipokuwa na balaa lake lote: alionekana mzima kama ng'ombe dume wa maonyesho.

"Na mimi naomba nitazame," alisema.

Daktari alibadilisha kioo. "Huu ni wako."

Zacharias aliinama. "Ninang'aa," alisema. "Kuna kipande kilichobaki?"

"Kiliisha chote."

"Kwa hiyo unataka kingine."

"Si lazima, na si sasa. Kuna kingamwili nyingine, ya kiwanda kingine. Safari hii naanza na panya. Itachukua miezi, labda mwaka mzima. Na ukikataa, Zacharias, utakuwa na haki."

"Nitakupa," Zacharias alisema. "Lakini ukate mguu wa pili. Huu umeshatoa sadaka."

Akarudi chumbani, akafunga mlango taratibu. Daktari alifungasha hadubini yake. Alipofika mlangoni Justina alimpa mfuko wa mikate ya njiani, kama anavyopewa kila mgeni, na yule mama msomi alisimama na mfuko mkononi asijue kama anastahili kuuchukua. Aliuchukua. Alikuwa na familia nyingine mbili za kwenda kuzieleza maneno hayo hayo.

*

Jioni hiyo Elias alikwenda kwa Mzee Paul Kleinsasser, mhubiri wa koloni. Alimkuta na Jakob, wanapanga mbegu za masika. Alisimulia yote, panya na sungura na kahawia, na kadiri alivyosimulia ndivyo yalivyozidi kusikika kama hadithi ya kitoto.

"Kwa hiyo daktari hajui," Mzee Paul alisema. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulifanya iwe vigumu kubishana naye.

"Hajui, mzee."

"Sasa Elias, tumfungulie mtu kwa neno la hajui?"

"Tulimfunga kwa neno lake huyo huyo."

"Hapana. Tulimfunga kwa sababu alikataa kazi na akamvunjia heshima baba yake mbele ya ndugu. Habari ya daktari ilituondolea shaka tu."

"Na shaka sasa imerudi."

"Imerudi, ni kweli." Mzee Paul alivua miwani akaifuta kwa ncha ya koti. "Imerudi."

"Samahani, naomba niseme," Jakob aliingilia. "Elias, hakuna aliyemchukia kijana wako. Lakini kura ile mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa kwako. Mimi nilikuwa nyuma yako, nilikuwa bado nafikiri. Nikasema moyoni, kama baba mtu ameona hivyo, mimi ni nani?"

Jakob alikuwa amesema kweli tupu. Mwaka mzima watu walinong'ona kwamba msimamizi wa nguruwe anamficha mwanawe, anampa kazi za kukaa, anawatuma vijana wa watu wengine wafanye mazito. Siku ya kura Elias alitaka kuwanyamazisha. Mkono ulipanda wenyewe, haraka, kabla hajaamua, na ulipokuwa juu aliona haya kuushusha.

"Pasaka hiyo imefika," Mzee Paul alisema. "Meza ya Bwana tunaijia mara moja kwa mwaka, na hatuwezi kuijia huku mmoja wetu yuko nje ya amani. Mwambie Zacharias aje Jumapili. Apige magoti mbele ya kanisa, akiri, nimpe mkono, tuyamalize. Halafu hayo ya panya tutayaangalia baadaye, kwa utulivu."

"Akiri nini?"

"Kilichomtenga. Utovu wa adabu, na uvivu."

"Na ikija kugundulika kwamba hakuwa mvivu?"

"Atakuwa amenyenyekea zaidi ya deni lake. Mtu hapungukiwi kwa hilo."

"Na hiyo nyama ya pili," Jakob aliuliza, "nani analipia petroli? Maana mara ya kwanza ilikuwa safari tatu, na dereva siku nzima, na chakula cha hospitali."

Elias alisema hajui nani atalipia. Aliaga akatoka. Njiani alipita zizini ingawa hapakuwa na kazi, akawasha taa, majike wakainua vichwa, akazima akaenda nyumbani.

*

Kazi ya mtu aliyetengwa hufanywa peke yake. Wiki ile Zacharias alikuwa kwenye handaki la viazi, ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akivunja machipukizi na kutupa vilivyooza. Elias alishuka ngazi polepole. Harufu ya udongo na viazi vibovu ilikuwa nzito.

"Nimetumwa na Mzee Paul," alisema, ili ieleweke kwamba mazungumzo haya ni ya lazima.

"Nasikiliza, baba."

"Anasema Jumapili uje upige magoti. Akupe mkono. Pasaka ule na sisi."

"Nikiri nini?"

"Kwamba ulinijibu vibaya."

"Hilo nilifanya. Na nini kingine?"

Elias alichukua kiazi, akakigeuza mkononi. "Na uvivu."

Zacharias aliendelea kuvunja machipukizi. Yalikuwa meupe na marefu, yakivunjika yalitoa sauti ndogo.

"Baba, wewe unaona mimi ni mvivu?"

"Sijui, mwanangu."

"Ala! Na wewe umekuwa daktari."

Elias alitaka kukasirika. Alitafuta hasira mahali alipozoea kuiweka, hakuikuta. Hakukuta kitu chochote.

"Mama yako anasema wewe ni mgonjwa," alisema. "Amesema hivyo tangu mwanzo. Kila siku tukilala, anasema."

"Mama hana kura."

"Ndiyo. Hana kura."

Kule juu wanawake walipita wakicheka, wanatoka kuoka mikate, na vishindo vya viatu vyao vikadondosha vumbi kidogo kutoka kwenye mbao.

"Nitakuja," Zacharias alisema. "Mwambie nitapiga magoti. Ila kuna neno moja baba. Nikianza kuinuka, usinishike."

"Kwa nini nikushike?"

Kijana alimwinulia macho, akamtazama baba yake kwa muda, kama anayepima kama inafaa kueleza. "Usinishike tu. Wala mtu mwingine asinishike. Mzee Paul akinyoosha mkono, autulize kwanza."

"Hivyo sivyo inavyofanywa. Mhubiri ndiye anayekuinua."

"Najua inavyofanywa."

Elias alipanda ngazi. Alipofika juu aligundua bado ana kiazi mkononi, akakirusha kwenye ndoo ya nguruwe.

*

Jumapili kanisa lilijaa. Wanaume na makoti yao meusi, wanawake na vitambaa vyeusi vya madoadoa meupe, watoto mbele kabisa miguu ikining'inia. Wazee wa baraza waliketi mbele wakiutazama mkutano. Elias alikuwa benchi la tatu, mwisho wa benchi, kando ya njia. Upande wa pili aliliona bega la Justina na hakuona uso wake.

Sisi hupiga magoti kila tunaposali, kwa hiyo mtu angeweza kuuliza mbona siku zote hizo hakuna aliyeona kitu. Lakini ukisali katikati ya mabenchi una benchi la mbele yako la kushika, na kila mtu amefumba macho, na kila mtu anajikokota kwa namna yake. Tangu atengwe, Zacharias alikuwa anakaa nyuma ya wote, kwenye ukumbi wa mlangoni. Anayekiri kosa hupiga magoti mbele, kwenye sakafu tupu, hana cha kushika.

Alipoitwa alikuja taratibu, kiuno kikiyumba kidogo, mwendo ambao vijana walikuwa wakiuigiza nyuma ya karakana. Alifika mbele, akaushusha mwili mara moja, magoti yakagonga mbao kwa kishindo. Mtoto mmoja alicheka akafinywa.

"Zacharias Wollmann," Mzee Paul alisema. "Una neno gani kwa ndugu zako?"

"Nakiri kwamba nilimjibu baba yangu kwa ukali mbele za watu. Naomba anisamehe, na nyinyi mnisamehe."

"Na kosa la pili?"

Jakob Maendel alikohoa. Elias alitazama kisigino cha kiatu cha mwanawe, kilivyoisha upande mmoja tu.

"Na uvivu," Zacharias alisema, "kama mlivyoniona."

Mzee Paul alifikiri kidogo, akaona neno limetosha. Alisoma maneno ya msamaha, akanyoosha mkono wa kulia. "Inuka, ndugu."

"Naomba niinuke mwenyewe, mzee."

Mkono wa mhubiri ulibaki hewani, kisha ukashuka.

Zacharias aliinama mbele akaweka viganja vyote viwili sakafuni. Akainua makalio juu, miguu ameipanua, mgongo umepinda, kichwa kinaning'inia mbele ya watu wote. Alikaa hivyo akihema. Kisha akarudisha mkono mmoja, akaushika mguu wake mwenyewe chini ya goti. Akarudisha wa pili. Akaanza kujipanda: viganja juu ya magoti, akasukuma, vikateleza, akavirudisha, viganja juu ya mapaja, akasukuma, mikono yote inatetemeka, shingo imejaa mishipa. Katikati aliporomoka, akaanza upya tangu sakafuni. Koti jeusi lilimpanda mgongoni shati likaonekana. Kanisa zima lilisikia anavyopumua.

Elias alikuwa ameshika ukingo wa benchi. Hatua nne tu zilimtenganisha na mwanawe. Ameambiwa asimshike, na hakumshika, na hakuna kazi aliyowahi kufanya maishani iliyokuwa nzito kama ile ya kukaa.

Hatimaye kijana alisimama wima, jasho likimdondoka puani. Wazee wa baraza walikuwa wanatazama sakafu, na Mzee Michael mshona viatu, aliyeketi juu ya mto wake, alikuwa amefunika uso kwa kofia. Yeye alikuwa anaufahamu ule mpando.

Mzee Paul alisahau kumpa mkono.

"Unainuka hivi tangu lini?" aliuliza, kwa sauti ya nyumbani, si ya mimbari.

"Tangu mwaka juzi, mzee. Wakati wa kupanda."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Niliwaambia."

Mhubiri aligeuka akawatazama wenzake wa baraza, nao wakaendelea kutazama sakafu. Mwishowe alisema kwa unyonge, "Tuombe," na mkutano wote ukashuka magotini, wakubwa kwa watoto, akabaki Zacharias peke yake amesimama mbele yao akipangusa uso kwa mkono wa koti.

Elias alipiga magoti na wenzake. Hakusali, maneno hayakuja. Alishuka bila taabu, na maombi yalipokwisha aliinuka bila taabu, miaka hamsini na minane, bila hata kugusa benchi, na wepesi ule wa miguu yake ukamchoma, kitu cha kwanza kumchoma tangu zile wiki za mwanzo.